Kanuni ya Tisa Niliyoitoa Mimi

Kanuni ya tisa ya chama chetu niliitoa mimi kwa mdomo wangu. Wenzangu wanajua kuandika. Mimi skuli niliishia darasa la tatu, na kusoma vizuri nilikuja kujifunza ukubwani, madarasa ya jioni ya ngumbaru, nikiwa tayari baba wa watoto wawili. Lakini siku tuliyokaa kutunga kanuni za chama cha watibabu wa mgongo na viungo, katika chumba kilichopo juu ya duka la misumari na mabomba pale Darajani, hao wenye kalamu waliandika niliyosema mimi. Nilipomaliza kuisema ya tisa walinipigia makofi. Inasomeka hivi: mwanachama hatatia mkono kwa mgonjwa aliyekwisha kuanzwa na mwanachama mwenzake, wala hataisema kwa ubaya kazi ya mwenzake mbele ya mgonjwa.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Leo nikiisikia inatajwa nasikia kinyaa, kama mtu aliyeona unywele katika chakula alichokipika mwenyewe.

Sikuizua kichwani. Niliikuta kwa mjomba wangu huko kusini, upande wa Makunduchi, aliyekuwa akiunga mifupa ya wakwezi walioanguka minazini. Na mimi nilikuwa mkwezi. Nilianguka, nikalala kwenye mkeka wake muda mrefu kuliko nilivyotaka, na nilipoweza kukaa nikaanza kumshikia miguu ya wengine wakati yeye anavuta. Nilimshikia miguu miaka saba kabla hajaniachia mgonjwa peke yangu. Hapo ndipo nilipojifunza: mgonjwa ana mkono uliomwanza. Akitaka kuhama, anarudi kwa aliyemwanza, anaomba kutolewa, na yule akishamtamkia "nimekutoa", ndipo wa pili anaruhusiwa kumgusa. Jambo hili lilikuwa na sababu. Mfupa ukishafungwa banzi, yaani vile vijiti vya kuushika usichezecheze, akija mwengine akalifungua ili auone, akaufunga upya kwa akili yake, mkono unakuja kuota kombo. Nimewaona watu wa namna hiyo. Kwa hiyo mjomba alikuwa mkali, na alikuwa na haki.

Kosa langu ni kwamba niliitoa desturi ya banzi nikaitia katika kila kitu. Sikuulizwa na mtu, wala mwenyewe sikujiuliza.

Na msidhani nalaani chama. Kilikuwa kitu cha lazima. Mgonjwa akienda hospitali akasema amepita kwa mkandaji, alikuwa anatazamwa kama aliyekunywa maji ya mtaro. Halafu sisi wenyewe tulikuwa tunachimbana: huyu anamwambia mgonjwa kuwa yule ni mlevi, yule anasema huyu mikono yake ina mkosi. Tukasikia kuwa katika nchi za watu, waliosomea uti wa mgongo, hao wanaoitwa kairoprakta, wana vyama vyao vyenye nguvu. Chama kinalinda jina, asiyesoma halitumii, aliyeharibu anaitwa kujieleza. Nasi tukataka heshima hiyo. Tukataka kitambulisho, na mlango wa kwenda kubisha tukionewa. Mimi nilikuwa katika watano wa mwanzo, na hilo sitalikana.

Mwenyekiti tulimchagua mwanamke, bibi mmoja kutoka Tumbatu, mkandaji wa wanawake waliojifungua. Mikono ya bibi yule naiheshimu hata leo. Katibu tulimchagua kwa sababu anajua kuandika barua.

Katibu huyu ni mtu wa miaka arubaini hivi. Alikuwa mapokezi katika hoteli ya pwani ya mashariki, akawaona wageni wanavyolia na viuno baada ya safari ndefu za ndege. Akaenda Dar es Salaam kusoma wiki tatu, akarudi na cheti ndani ya fremu na koti jeupe mwilini. Mlangoni kwake akaandika "Kairoprakta". Wiki tatu. Mimi miaka saba nilikuwa nashika miguu tu.

Lakini nisimnyime chake. Barua zake zilikuwa zinajibiwa. Alitupatia hema katika maonyesho, akatushonea fulana, na mimi na mvi zangu nilisimama hemani na fulana yangu nikiwaonyesha watu jinsi ya kuinama kuinua ndoo. Watu walijipanga. Siku ile nilimpenda.

Ilipoanza video ndipo roho yangu ilipoanza kukataa. "Watu wanataka mlio, mzee," aliniambia. Mlio ni ile "ka!" ya kiungo kinapovutwa. Mlio si kitu. Vidole vyangu vinalia kila nikikuna nazi, na hakuna aliyepona kwa hilo. Yeye alikuwa anakibandika kipaza sauti kidogo karibu na mgongo wa mtu, anamsokota kama kanga inayokamuliwa, "ka!", na mgonjwa anacheka. Anacheka kwa hofu, nyuso hizo nazijua. Halafu video inarushwa, chini yake jina la chama, nembo ya chama, na namba ya simu yake yeye. Hiyo alikuwa anaiita kuitangaza fani.

Nilikwenda siku moja kumtazama akifanya kazi. Nilimkuta anakula urojo, bakuli amelitua juu ya kitanda cha wagonjwa. Mtu akaingia. Akajifuta mikono kwenye koti, koti likabaki na doa la manjano kifuani, na mikono ile ile ikaenda shingoni kwa mtu. Hakumuuliza hata unaumwa na nini. Nikatoka kwenda kutema mate nje. Nje ndio, kwa sababu ndani nilikuwa sina ruhusa ya kusema. Kanuni ya tisa.

Basi siku ya Alhamisi moja, baada ya sala ya alasiri, alinijia hamali wa bandarini Malindi. Mtu mpana, shingo kama gogo, katika wale wanaobeba mizigo ya boti tangu ujana. Alisema kiuno kinamsumbua tangu mwaka uliopita, na sasa maumivu yanateremka mguu wa kulia mpaka ndani ya shavu la mguu.

Mimi nina kazi yangu ya mwanzo, na sijamgusa mtu bila ya kuifanya. Namsimamisha kizingitini. Namwambia tembea kwa visigino, vidole juu. Rudi kwa ncha za vidole. Watoto wa mtaani wanasema kwangu kuna ngoma ya bure. Waseme. Mguu ambao mshipa wake umebanwa hauwezi kunidanganya. Yule hamali alikwenda kwa visigino, akarudi kwa vidole, miguu yote miwili sawasawa. Jasho lilimtoka, lakini miguu ilikuwa mizima. Nikamlaza, nikamwinulia mguu wa kulia ukiwa umenyooka. Haujafika hata kimo cha goti langu, akaguta.

Nilijua hapo hapo. Mgongo wa namna hii hausokotwi. Huyu alale, aache mzigo, aende hospitali wakampige picha ya ndani. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Naye akasema, "Katibu wenu amenambia nirudi Jumamosi, anivunje mgongo vizuri. Ameshanianza, mara mbili."

Niliutoa mkono wangu mguuni kwake kama niliyeungua.

"Nilikuja kwako kwa kuwa watu wanakusifu," akasema. "Nirudi kwake au nisirudi?"

Nakumbuka nilivyojifuta mafuta mikononi. Taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mwenye kufikiri. Nilikuwa sifikiri chochote. Nilikuwa najiona muungwana. Nikamwambia, "Maliza kwa aliyekuanza."

Akanishukuru, akaenda zake.

Siku ya Jumatatu asubuhi alikuja mkewe. Ni mwanamke wa Kizimkazi, na watu wa huko hawazungukizungushi maneno. Hakunipa shikamoo. Alisimama pale pale kizingitini, mkononi ana kandambili moja ya kiume.

"Wewe ndiye uliyemwambia mume wangu akamalize?"

Nikamwambia ndiye mimi.

"Basi amemaliza. Pacha ya hii imemtoka mguuni njiani Jumamosi na hakujua. Nimemkuta nyumbani na moja. Namuuliza nyengine iko wapi, anatazama mguu wake kama wa mtu mwengine."

Nilimkaribisha akae, hakukaa. Alinieleza amesimama. Jumamosi katibu alimsokota mara mbili, ya pili kwa nguvu, kwa sababu ya kwanza haikulia. Akateremka kitandani unyayo wa kulia hauinuki. Katibu akamwambia ni kawaida, mshipa unajipanga. Jumapili unyayo ukawa unaburura chini kama kitambaa, na mkewe akampeleka hospitali. Wakamlaza. Daktari aliuliza jambo moja akalirudia: huu unyayo umeanza kulegea lini? Mgonjwa mwenyewe kwa maumivu akawa anachanganya. Akiulizwa lini, anajibu tangu mwaka jana, maana kiunoni ni tangu mwaka jana. Mara anasema Jumamosi. Na katibu, alipopigiwa simu na daktari, alisema yule mtu anaburura mguu siku nyingi, na kwamba chama kitaleta barua kuthibitisha.

"Daktari kanambia hivi," akasema yule mwanamke. "Ukiwa umelegea tangu mwaka jana, atapangiwa foleni kama wengine. Ukiwa umelegea Jumamosi, anapelekwa Dar sasa hivi akapasuliwe, maana mshipa ukikaa umebanwa haurudi tena. Mimi nilikuwa kwetu Kizimkazi, nimerudi Jumamosi usiku. Nyumbani hakuna aliyemwona. Aliyemtazama miguu kabla ni wewe tu."

Nikamwambia kuwa nimeitwa chamani jioni hiyo hiyo kwa jambo hilo, na kwamba nitasema.

"Alhamisi ulikuwa na mdomo pia," akanambia, akaondoka na kandambili yake.

Nilikwenda Darajani kwa miguu. Chumba ni kile kile, juu ya duka la misumari. Tulikuwa watatu: Bi Mwenyekiti, katibu na mimi. Juu ya meza palikuwa na barua imeshapigwa chapa, na chini yake jina langu limeachiwa nafasi ya saini. Nilidhani watanisomea upande mmoja na kunifichia mwengine, kama watu wanavyofanya kwa wazee wasiosoma sana. Wallahi hawakuficha. Bi Mwenyekiti aliisoma yote, kwa sauti, kama anasoma ratiba ya mkutano. Ilisema kuwa mgonjwa alifika kwa mwanachama mzee na mzoefu siku ya Alhamisi akiwa tayari anaburura mguu wa kulia, na kwamba mwanachama huyo, baada ya kumkagua, alimuelekeza kwa katibu aendelee na tiba.

Niliuliza nani aliyesema anaburura.

"Mzee wangu," katibu alinijibu kwa upole, na upole ule ulinichukiza kuliko matusi, "si wewe uliyemwambia amalize kwangu?"

"Ni mimi."

"Basi ulimuelekeza. Huko kuburura ni namna ya kusema tu. Mtu mwenye maumivu vile atatembea vipi?"

"Alitembea kwa visigino mbele yangu. Mguu ulikuwa mzima."

Akatabasamu. Akafungua kitabu cha kanuni, kile kidogo chenye jalada la kijani, akaniwekea kidole. Hakuhitaji. Akasoma kwa moyo: wala hataisema kwa ubaya kazi ya mwenzake. "Hii umeitoa wewe, mzee. Sisi tumeiandika tu."

Koti alikuwa amelivaa. Doa la urojo lilikuwa limefuliwa likapauka, lakini lipo. Nililitazama lile doa na nikajisikia kama mimi ndiye niliyelivaa.

Nikawaambia habari ya banzi. Niliwaeleza kwa nini mjomba aliikamata desturi ile, kuwa ni kwa ajili ya mfupa uliofungwa usifunguliwe na mtu mwengine, na kwamba haikuwekwa kumfunga mtu mdomo wakati mwenzake anamlemaza mtu.

Bi Mwenyekiti alivua miwani. "Mbona siku ile hukuyasema hayo?"

Nikamjibu kweli. "Siku ile nilikuwa nasikiliza makofi."

Hakucheka. Na hapa lazima nimtendee haki, maana bibi yule si mwovu. Alinambia kuwa kuna watu wanatusubiri tukosee mara moja tu watufunge wote. Kwamba barua yetu ya kuomba kutambuliwa iko mezani kwa wakubwa, na ikifika habari kuwa katibu wa chama kamlemaza hamali, haitasainiwa tena maisha yetu. "Nani atawakanda wanawake wangu?" akaniuliza. "Watakwenda kujificha vyumbani kwa watu wasiojua kitu. Nitaharibikiwa na wangapi huko? Unataka tukose yote haya kwa mguu mmoja?"

"Bi Mwenyekiti, anayo miwili tu."

Nilimwona akiitazama mikono yake. Halafu akavaa tena miwani na akasema, polepole, "Tia saini, mzee. Tutamsaidia kwa njia nyengine."

Katibu akanipa kalamu. Na kile ambacho mpaka leo kinaniudhi ni kwamba alinionyesha kwa kidole pahala pa kutia saini, kama mtu anayemwonyesha mtoto pa kukojoa.

Nikaichukua kalamu. Mwandiko wangu ni wa ngumbaru, herufi kubwakubwa, kila moja imesimama peke yake, na ninapoandika ulimi unatoka nje. Niliandika juu ya jina langu, nikipita juu ya maneno yao ya chapa: "Alhamisi mguu ulikuwa mzima. Nimeuona mimi. Nilijua asisokotwe na sikumwambia." Nikatia saini. Ilinichukua muda, na wao walisubiri, maana walidhani naandika jina langu na ni refu.

Katibu alipoisoma aliichana mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti. Vipande vyote, hata kimoja hakukiacha. "Nitapiga nyengine," akasema. "Bila jina lako."

"Piga," nikamwambia. "Mimi nakwenda mwenyewe."

"Ukienda umejitoa."

Nilipofika mlangoni nilimsikia Bi Mwenyekiti anamwambia katibu avue lile koti, anahisi harufu. Sijui alihisi harufu ya nini.

Asubuhi ya Jumanne nilikuwa hospitali kabla ya saa mbili, nimevaa kanzu yangu ya Ijumaa. Daktari ni msichana, mdogo kuliko mtoto wangu wa mwisho. Alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, akanipa kiti. Nilikuwa nimejitayarisha kudharauliwa, na nimeshapanga maneno makali ya kumrudishia. Sikuyahitaji. Aliniuliza nilimtazama vipi yule mgonjwa. Nikamweleza, na nikasimama nikamwonyesha, mzee mzima natembea kwa visigino katika chumba cha hospitali.

"Alivitembelea vyote viwili?" akauliza.

"Vyote. Hatua sita kwenda, sita kurudi."

"Na kidole kikubwa cha kulia kilikuwa juu?"

"Juu kama changu."

Akaandika. Halafu akaniuliza kama nilimkanda au kumvuta, nikasema nilimwinua mguu tu nikauweka chini. Akaniuliza kwa nini niliuweka chini.

"Kwa sababu nilijua."

"Ulijua nini, babu?"

"Kuwa mgongo ule hausokotwi."

Kalamu ilisimama. Aliniangalia, na haikuwa dharau. Ningependa ingekuwa dharau, ile naijua namna ya kuijibu. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Na ulijua anakwenda kusokotwa?"

Nikamweleza desturi yetu. Mkono uliomwanza, kutolewa, kanuni ya tisa. Nilimweleza yote, na nilivyokuwa nikieleza nilikuwa nikiyasikia maneno yangu mwenyewe yananuka. Nimejenga nyumba ya ghorofa kwa mikono hii miwili. Nimewainua watu waliobebwa juu ya milango kama machela. Na pale nilikaa namweleza msichana wa watu kwamba nilimwacha mtu akalemazwa kwa adabu.

Hakunilaumu. Alisema, "Sisi pia tunazo hizo, babu. Hatuziandiki tu." Kisha akachukua simu kupanga safari ya Dar.

Barua ya pili ya katibu ililetwa mchana, haina jina langu, imepigwa muhuri wa chama. Daktari aliiweka katika faili pamoja na maelezo yangu. Alinambia ataandika yake ayapeleke panapohusika, na hapo sikuuliza zaidi. Jioni ile simu yangu ilitoa mlio wa ujumbe. Katika kundi la chama la simu pameandikwa kuwa mwanachama mmoja mwanzilishi amesimamishwa kwa kuvunja kanuni ya tisa. Chini yake watu wameweka vile vijidole vya kukubali, kimoja baada ya kimoja, na wengine wao mimi ndiye niliyewafundisha kufunga banzi. Kabla sijamaliza kuvihesabu nikawa nimeondolewa kundini.

Walimsafirisha Jumatano kwa boti ya asubuhi. Nilikwenda Malindi. Hakuna aliyeniita. Mahamali wenzake walikataa aingizwe kwa kiti cha magurudumu cha bandari. Walimbeba wenyewe, wanne, wakamkalisha juu ya mikono yao, wanataniana kuwa huu ndio mzigo wa kwanza bandarini unaolalamika. Yeye mwenyewe alicheka. Mguu wa kulia ulikuwa unaning'inia, unyayo umelala kwa mbele.

Aliponiona aliwaambia wasimame. Walisimama naye pale pale juu ya mikono, katikati ya abiria na masanduku, na watu wa nyuma wakaanza kunung'unika.

"Mzee," akanambia, "ungenambia tu siku ile. Nisingerudi kwake."

"Ilinipasa nikwambie," nikasema.

"Neno moja."

"Ilinipasa nikwambie."

Mkewe alikuwa nyuma na furushi. Alinipita bila kunitazama. Wakaingia.

Wiki iliyofuata katibu alirusha video mpya, koti jipya, mlio ule ule. Niliona kwenye simu ya jirani. Wagonjwa bado wanakuja kwangu, wachache kuliko zamani, kwa sababu imeenea kuwa mimi nasaliti wenzangu. Anayekuja akasema ameanzwa na mwengine, nampa kiti, namtazama, na nikiona anaharibiwa namwambia anaharibiwa, na kwa nini, na jina la anayemharibu nalitaja kwa kinywa kipana. Nimekutana na Bi Mwenyekiti Darajani kwa wauza samaki. Aliniuliza hali ya hamali kabla hata ya salamu. Nikamwambia sina habari. Alisimama na kapu lake kidogo, kama anayetaka kusema neno, halafu akaniuliza bei ya samaki changu.

Habari ilikuja siku ya ishirini na moja tangu boti ile iondoke. Namba ya Dar nisiyoijua. Nilipopokea niliitambua sauti kwa kule kutosalimia.

"Kidole kikubwa kimetikisika leo," akasema mkewe. "Hicho tu. Unyayo bado."

Nikamshukuru Mungu, nikamuuliza madaktari wanasemaje.

"Wanasema wasingekiwahi kama angekaa foleni. Wanasema unyayo huenda ukarudi, huenda usirudi." Nilisikia watu wanapita nyuma yake, na toroli la chakula. "Nimekupigia kwa sababu yeye kanambia nikupigie. Mimi kwa nafsi yangu nisingekupigia."

Nikamwambia najua.

"Basi ujue," akasema, akakata simu.